Foleni ya Ndala

Nchi ninayoisimulia si yenu, kwa hiyo kaeni kwa raha. Ikitokea mahali pakafanana na kwenu, laumuni macho yenu, msilaumu mdomo wangu. Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na sita, hadi nilipofukuzwa kwa sababu ya neno moja, na mtumishi wa serikali hasemi uongo. Husema kilichoandikwa.

Cheo changu kilikuwa Mratibu Msaidizi wa Foleni ya Nje katika Hospitali Kuu ya Ukarimu. Mratibu mwenyewe hakuwahi kuteuliwa. Nilimsaidia mtu asiyekuwepo kwa miaka yote hiyo na hatukuwahi kukwaruzana. Jina langu ni Shomvi Mwinyikombo, lakini pale hospitali kila mtu, hata wafagizi, aliniita Bwana Foleni, nami niliitika kwa fahari.

Hospitali yetu ilikuwa nyeupe kuliko zote za ukanda ule. Kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Taifa ilipakwa chokaa upya, na chokaa hiyo ilichomwa na wageni. Wageni ni watu waliovuka vilima vya mashariki kuja kufanya kazi katika tanuri zetu, kwa sababu sisi wananchi tulikwisha kugundua kuwa chokaa inakula mapafu. Wengine walikuwa na miaka kumi na tano nchini, wamezaa hapa na kuzika hapa, ila tuliendelea kuwaita wageni. Sisi ni watu wakarimu, na ukarimu hauwezekani bila mgeni.

Tulikuwa na foleni mbili. Foleni ya Ndani ilikuwa ya wananchi, yenye viti vya plastiki, feni, na televisheni ya kuonyesha hotuba. Foleni ya Nje ilikuwa ya wageni. Ilifuata ukuta wa nyuma hadi kwenye dirisha moja dogo, ambalo daktari alilifungua kila Jumanne, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Kwenye ukuta huo Wizara ilikuwa imeandika kwa rangi ya buluu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Nilipita chini ya maneno hayo kila siku ya kazi na sikuwahi kuyasoma hadi mwisho.

Sheria ya Foleni ilikuwa na kifungu kimoja tu: Hakuna atakayerukwa. Mataifa makubwa yamehangaika na usawa yakashindwa. Sisi tuliumaliza kwa maneno mawili.

Sasa, wasimamizi wa tanuri hawakuwapa wageni ruhusa ya kushinda hospitali. Kwa hiyo walifanya kama wafanyavyo kwao kisimani: mtu huvua ndala zake, huziacha kwenye mstari, hurudi kazini pekupeku. Ndala zinamshikia zamu. Kwao ni mwiko kugusa ndala za mwenzako zilizo kwenye foleni. Wanasema ukisogeza ndala za mtu umesogeza miguu yake, na hujui miguu hiyo itakufuata hadi wapi. Mimi nami sikuzigusa kwa mkono. Nilikuwa na fimbo ya mpera ya kuzinyooshea, maana mstari uliopinda uliniudhi.

Wengine walikufa kabla ya zamu yao. Nasema "walikufa" leo. Enzi zile neno hilo lisingenitoka. Cheti cha kifo hutolewa na mjumbe wa mtaa anaoishi marehemu. Mgeni hana mtaa, ana kibanda cha tanuri, na kibanda si mtaa. Asiye na mtaa hana mjumbe, asiye na mjumbe hana cheti, na asiye na cheti hajafa. Nilifundishwa niandike: Amehama. Na aliyehama anaweza kurudi wakati wowote, kwa hiyo zamu yake lazima isubiriwe.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Leopodi Barutwa, ndala za kahawia, mkanda wa kushoto umefungwa kwa waya. Kila Jumanne Dakta Gaudensi, daktari wa dirisha, alifungua, akaita "Leopodi Barutwa!" na kusubiri. Ilipofika saa sita alifunga. Hali ilikuwa hivyo kwa miezi saba. Nyuma ya Leopodi ndala ziliongezeka, na wenye ndala wakapungua.

*

Takwimu za mwaka zilipotoka, nchi ilitikisika. Vifo vya wananchi vilikuwa maelfu. Vifo vya wageni vilikuwa sifuri. Mheshimiwa Pantaleo Kidundo, Waziri wa Afya na Ukarimu, alikatiza taarabu redioni ili alihutubie taifa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wenzetu hawa wanalala vumbini, wanakula mara moja kwa siku, hawana vitanda, hawana dawa, na hawafi! Sisi tuna vitanda na tunakufa juu yake. Hii si aibu? Wana siri, ndugu zangu. Lazima tuijue. Na tukiijua, tutaigawa kwa wananchi wote, bure, kuanzia na viongozi."

Ili siri ijulikane, Mheshimiwa alimteua Dakta Zaituni Chilewa, mtafiti wa chuo kikuu. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imeungwa kwa plasta. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akichunguza kwa nini mtoto wa mgeni na mtoto wa mwananchi, waliougua homa moja siku moja, hawaponi siku moja. Ripoti zake tano zilikuwa zimepokelewa kwa heshima zote na kuwekwa mahali pasipofika panya wala mtu.

Alikuja Jumanne.

"Habari za kazi, Bwana Foleni?"

"Njema, Dakta. Karibu sana. Foleni imenyooka, kama unavyoiona."

"Naiona. Watu wako wapi?"

"Si hawa?" nikamwonyesha ndala.

Akatembea kando ya ukuta akihesabu kwa midomo. Pea hamsini na nne hazikuwa na watu. Baada yake walisimama watu tisa, kila mmoja kando ya ndala zake.

"Leo wamehudumiwa wangapi?"

"Tunamsubiri Bwana Barutwa."

"Tangu lini?"

"Tangu miezi saba iliyopita. Sisi hatuna haraka, Dakta. Haraka haraka haina baraka."

Akachuchumaa mbele ya zile ndala za kahawia, akazitazama bila kuzigusa. "Miezi saba hazijavaliwa?"

"Hazijavaliwa."

"Mbona visigino vinazidi kulika? Huu mkwaruzo ni mpya."

Nilijua. Nilikuwa najua kitambo. Kila asubuhi nilikuta nyayo nyeupe za chokaa zikitoka kwenye ndala hadi dirishani na kurudi, na kila asubuhi nilizifagia kabla wakubwa hawajafika. Nilimjibu Dakta kuwa tuna tatizo la panya.

Wa mwisho kwenye mstari, nafasi ya sitini na tatu, alikuwa Venansia Nzeyi, mchekechaji wa chokaa, ndala za kijani, mimba ya miezi minane. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yakawa madogo. Wanawake wa tanuri walikuwa wamekaa chini naye, miguu mitupu, na Dakta Zaituni, kwa adabu ya mtu anayeingia penye watu, akavua viatu vyake vyeusi vya kifungo, akavipanga kando ya zile ndala za kijani, akakaa. Akambonyeza Venansia mguu kwa kidole. Shimo la kidole likabaki.

"Unaumwa nini, dada?"

"Kichwa, Dakta. Na naona cheche. Nikifumba macho ndio naziona zaidi."

Huku nyuma mimi, kwa uaminifu wangu, nilifungua daftari nikaandika: Nafasi ya sitini na nne, Zaituni Chilewa, viatu vyeusi. Sheria ilikuwa wazi, mwenye viatu kwenye Foleni ya Nje yumo kwenye Foleni ya Nje. Hakuna aliyenituma. Nakumbuka niliufurahia mwandiko wangu.

Dakta alinivuta kando. "Bwana Foleni, hizi ni dalili za kifafa cha mimba. Mama huyu anahitaji sindano na kitanda upesi. Akikosa tutampoteza, na mtoto pia."

Kibali chake kilimruhusu kuhesabu, hakikumruhusu kutibu, na sindano zilikuwa kwenye kabati la Dakta Gaudensi, nyuma ya dirisha. Kwa hiyo alimshika Venansia mkono akampeleka Foleni ya Ndani. Nami nilifuata, kulinda utaratibu.

"Barua ya mjumbe wa mtaa?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Hana mtaa."

"Basi hayupo, Dakta."

"Amesimama mbele yako!"

"Mimi namwona. Kompyuta ndiyo haimwoni."

Tukarudi nje. Saa sita dirisha likafungwa, na Leopodi Barutwa hakuwa ametokea.

*

Siku mbili Dakta alishinda kwenye tanuri, pekupeku kama wageni, viatu vyake vikiwa bado kwenye mstari. Siku ya tatu alinichukua na daftari langu tukaenda Wizarani, kwa Mkurugenzi wa Vyeti, Bi Skolastika Mondo, mama mpole aliyetukaribisha chai ya tangawizi kabla hatujasema neno.

Dakta akaweka karatasi mezani. "Hamsini na nne, mama. Nimeonyeshwa walipofukiwa, kwenye mashimo ya chokaa nyuma ya tanuri. Haya ndiyo majina, hizi tarehe, na waliowazika wametia dole gumba."

"Poleni sana, mwanangu. Lakini mtu hafi mahali asipoishi."

"Waliishi hapa miaka kumi!"

"Walifanya kazi hapa. Kuishi ni jambo jingine."

"Na makaburi?"

"Kaburi si ushahidi wa kifo. Ni ushahidi wa shimo."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nilicheka peke yangu.

Dakta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, nyuma ya hao yupo mjamzito mwenye siku chache. Foleni inasogeaje?"

"Kwa njia tatu," alisema Bi Skolastika kwa huruma ya kweli. "Mtu afe kwa cheti, na hilo limeshindikana. Au alete barua ya kuacha zamu, aisaini mwenyewe. Au apone."

"Nani husema amepona?"

"Daktari. Akimwona mgonjwa, akamuuliza, na mgonjwa asitoe malalamiko, huyo amepona."

Dakta Zaituni akanigeukia. "Bwana Foleni, daktari akiita, sheria inasema mgonjwa aende dirishani na miguu yake?"

Nilifikiri kwa makini, maana sheria ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua. "Haisemi, Dakta. Inasema asirukwe tu."

*

Jumanne iliyofuata Venansia alifika ameshikwa kwapa na wanawake wawili. Asubuhi hiyo, kabla dirisha halijafunguliwa, alinifuata mimi. "Bwana Foleni, kichwa," alisema. "Kichwa kinanipasuka." Nilimwambia asimame kwenye mstari.

Dakta Gaudensi alikataa kwanza. "Nichunguze ndala? Mimi nilisomea udaktari, sikusomea ushonaji viatu!"

"Miezi saba umeziita," Dakta Zaituni alimwambia. "Leo zinakuja."

Wageni hawakuweza kuzigusa. Dakta Zaituni, nilimkumbusha, naye alikuwa na viatu kwenye foleni. Nilibaki mimi. Nikaegemeza fimbo yangu ukutani, nikainama, nikazibeba ndala za Leopodi Barutwa kwa mikono miwili. Zilikuwa na joto. Nilijiambia ni jua, ingawa upande ule wa ukuta jua hufika saa nane.

"Leopodi Barutwa," aliita Dakta Gaudensi. "Unaumwa nini?"

Utaratibu ulitaka mgonjwa apewe dakika tatu za kujibu. Akatazama saa. Dakika tatu zikapita. Akaandika: Hana malalamiko. Amepona. Nikazipeleka ndala stoo, nikarudi kuchukua nyingine. Kazi ikakolea. Nakiri niliionea fahari. Kwa mara ya kwanza foleni yangu ilikuwa inakwenda.

Kwenye pea ya thelathini na moja, ndala nyekundu za msichana aliyeitwa Foibe, Dakta Gaudensi aliuliza swali lake, kisha hakutazama saa. Aliinamisha kichwa akaandika, akazidi kuandika. Nikachungulia. Kikohozi miezi mitano. Damu tangu Jumapili. Anaomba mama yake apelekewe barua.

"Dakta," nikamwambia, "nani amesema hayo?"

Aliitazama karatasi yake kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni mwa koti, akachukua nyingine akaandika: Hana malalamiko. Hatukulizungumza, na mpaka leo hatujalizungumza.

Saa sita kasoro dakika kumi na nane pea ya hamsini na nne ilikuwa imepona. Mbele ya dirisha sasa walisimama watu. Wa kwanza alikuwa mzee aliyeungua nyayo kwa kurudi tanurini bila ndala zake. Alimtazama Venansia, akawatazama wenzake.

"Mama huyu apite kwanza," alisema. "Sisi tutangoja."

"Apite," wakasema wote wanane.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilinyanyua fimbo yangu nikaitandaza mbele ya dirisha. "Hakuna atakayerukwa," nikasema. "Hata kwa hiari."

"Bwana Foleni!" Dakta Zaituni alinishika mkono wa shati. "Wameruhusu wenyewe! Zimebaki dakika chache!"

"Nikiruhusu huruma moja, Dakta, kesho zitakuja huruma mia. Foleni itakuwa soko."

Tulikuwa tunabishana hivyo wakati king'ora kilipolia getini. Sifa za kasi yetu zilikuwa zimefika Wizarani. Mheshimiwa Waziri alishuka garini na waandishi wa habari, vipaza sauti na bendi ya polisi, akapita mbele ya mzee mwenye nyayo za vidonda bila kumkanyaga, na hilo nalo liliandikwa magazetini.

"Wagonjwa hamsini na nne asubuhi moja!" alinguruma. "Na hakuna hata mmoja aliyelalamika! Ndugu zangu, siri tumeipata. Siri ni ndala! Ndala haikohoi. Ndala haiombi kitanda. Kuanzia dakika hii natangaza kwamba katika Foleni ya Nje ndala zitahudumiwa kwa niaba ya wenyewe. Mgeni abaki kazini kwake bila usumbufu. Huduma itaufuata mguu wake!"

Bendi ikapiga. Dakta Zaituni akasogea mbele, miguu mitupu, karatasi zake mkononi.

"Mheshimiwa, hao hamsini na nne wamekufa. Ninayo majina. Na huyu mama hapa yuko hai, bado anaweza kuokolewa, sindano iko ndani ya hilo dirisha. Ni hatua nne tu, Mheshimiwa."

Waziri, aliyemteua yeye mwenyewe, alimtazama miguuni. Viongozi huteua wengi. Akanigeukia mimi. "Mratibu, huyu ni nani?"

Na daftari langu lilikuwa wazi mkononi. Ningeweza kusema jina lake, cheo chake, chuo chake. Nikasoma kilichoandikwa. "Nafasi ya sitini na nne, Mheshimiwa."

"Kumbe ni mgeni," alisema Waziri, kwa ukarimu mkubwa. "Basi zamu yake ikifika tutamsikiliza kwa furaha. Hakuna atakayerukwa!"

Makofi. Askari wakaanza kuwarudisha wageni kwenye barabara ya tanuri, kwa upole, kwa sababu kamera zilikuwepo. Nikabeba ndala za mzee, na za waliomfuata, na kwa heshima ya mgeni rasmi dakika tatu zikawa nusu dakika. Mwisho nikabeba zile za kijani.

"Venansia Nzeyi. Unaumwa nini?"

Venansia mwenyewe alikuwa hatua ishirini kutoka pale, ameshikwa na wanawake wake, anageuza shingo kutazama dirisha. Midomo yake ilisogea. Bendi ilikuwa katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Dakta Gaudensi hakuinua macho.

Hana malalamiko, akaandika. Amepona. Ikawa saa sita, dirisha likafungwa.

*

Kifafa kilimkamata njiani, kabla ya kona ya pili. Dakta Zaituni alikuwa naye. Alifanya alichoweza kwa mikono mitupu na khanga za wanawake wa tanuri, kibali au hakuna kibali, na alimtoa mtoto hai, wa kike. Mama yake alifariki saa tisa alasiri. Sindano zilibaki kabatini, zote, na siku ya kuhesabu mali zilipatikana kamili.

Saa kumi Dakta alikuja mezani kwangu, mtoto mgongoni, damu imemkaukia kwenye mikono. Alitaka kuandikisha uzazi.

"Mama mtoto aje mwenyewe," nikasema. Naomba mnielewe, ndivyo ilivyoandikwa. "Daftari linaonyesha amepona."

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana. Alinitazama tu, kisha akaniuliza swali alilozoea kuuliza kila mahali. "Wangapi, Bwana Foleni?"

"Sifuri, Dakta."

Akaondoka pekupeku. Viatu vyake vyeusi vilibaki ukutani, peke yake, chini ya maandishi ya buluu. Wizara ilinielekeza niandike mbele ya jina lake: Amehama.

Nilirudi nyumbani jua halijatua, daftari kwapani, maana nilisahau kulifungia. Mke wangu, Mama Tunu, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Baba Tunu, umekuja na nani?"

Nikageuka. Uchochoroni, nyuma ya nyayo za viatu vyangu, kulikuwa na nyayo nyeupe za miguu mitupu, nyingi, mmoja nyuma ya mwingine, bila kupishana.

"Ni vumbi la kazini," nikasema.

"Vumbi lina vidole?" Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Asubuhi nilipofungua mlango ndala zilikuwa pale. Stoo niliifunga mwenyewe na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Pea hamsini na tano, kutoka kwenye kizingiti changu hadi kwenye bomba la mtaa, zimenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuunyoosha mimi. Nani alizipanga sijui. Lakini hakufuata daftari langu. Mbele kabisa, mbele ya Leopodi Barutwa, zilikuwa ndala za kijani. Wamempisha, nikawaza. Safari hii hapakuwa na fimbo ya kuwazuia.

Nilikaa barazani nikalia, mtu mzima, majirani wakichota maji na kujifanya hawanioni. Kisha nikachukua daftari nikaliweka pajani, nikauliza swali ambalo kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kumuuliza mtu yeyote, kwa kuwa halikuwa katika kazi yangu.

"Venansia Nzeyi. Unaumwa nini, dada?"

Msije mkasema Shomvi anasikia sauti. Sikusikia sauti. Nilikumbuka tu. Alikwisha kuniambia. Aliniambia asubuhi ile mimi mwenyewe, kabla ya bendi, kabla ya Waziri, amesimama mbele yangu, nami sikuandika.

Nikaandika: Kichwa. Cheche machoni. Uvimbe. Nikakata Amepona kwa mstari mmoja, nikaandika kando yake lile neno lililonifukuzisha kazi: Amekufa. Nikaandika siku na saa. Nikaandika: Ameacha mtoto wa kike, yu hai.

Nilipoinua macho kizingiti kilikuwa kitupu. Ndala za kijani hazikuwepo. Zile za kahawia zenye waya zilikuwa zimesogea mbele nafasi moja, na nyuma yake mstari wote ulikuwa umesogea.

Nikafungua ukurasa mpya.

"Leopodi Barutwa," nikaita.